Nyumba mpya ya Chanika: tulipe au tusubiri?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tumepanga Segerea mwaka wa tisa huu, tumejibana na vikoba mpaka tumefikisha milioni 58. Sasa dalali katupeleka Chanika kuna nyumba mpya, vyumba vitatu kimoja masta, jipsam, tailizi mpaka barazani, rangi bado inanukia. Mwenyewe kazi yake ndo hiyo, anajenga anauza. Anataka 60 na anasema tukivuka Jumamosi kuna mtu yuko Oman anaichukua. Mume wangu kashaipenda, mi roho inasita na sababu siijui. Tuangalie nini? (Mama wawili, Segerea)

JIBU: Marahaba mwanangu. Roho yako isikilize. Hiyo Jumamosi isiwakimbize, hela mmeitafuta miaka tisa haiwezi kuamuliwa kwa siku nne, huyo wa Oman akiichukua aichukue, nyumba zipo.

Rudini pale bila dalali, na kama mnaweza rudini mvua ikiwa imetoka kunyesha. Upande ule wa Pugu mpaka Chanika ni vilima na mabonde, kiwanja unakiona kikavu kabisa Januari alafu masika ikianza Machi maji ya mtaa mzima yanapita mlangoni kwako. Muulizeni mama mwenye genge hapo jirani, masika iliyopita hapa palikuwaje, huyo hana asilimia yake kwenye mauzo.

Mkishaingia ndani, tailizi na jipsam ziacheni kwanza. Chukua ufunguo, nenda ukuta wa nyuma au ndani ya stoo, sehemu ambayo hawakuhangaika kuipamba, kwangua plasta. Ufunguo ukiteleza na kutoa vumbi kidogo, sawa. Mchanga ukianza kumwagika, saruji ililiwa. Alafu shika sarafu ya mia mbili ugonge tailizi chumba kizima, moja moja, usione aibu. Iliyolala vizuri inatoa sauti nzito, iliyo tupu chini inalia kama debe. Zikilia mbili tatu ni za kurekebisha, zikilia nusu ya sebule hapo kuna shida na mara nyingi shida iko chini zaidi.

Nasema hivyo maana yamenikuta. Mimi nilinunua nyumba mpya Kitunda, wakati huo sijui chochote, nikaona tailizi zinang'aa nikalipa. Fundi aliyeijenga alijaza kifusi ndani ya msingi siku moja, kesho yake akamwaga jamvi, lile zege la sakafu, hakushindilia tabaka kwa tabaka wala hakumwagilia maji kifusi kikae. Mwaka wa pili sakafu ya sebule ikashuka, kati ya tailizi na skating, ile mistari ya chini ya ukuta, kidole kinaingia, mke wangu akawa anaziba na vitambaa panya wasipite. Kuvunja na kumwaga upya kulikula ada ya watoto ya mwaka mzima na sijasahau mpaka leo.

Nyufa nazo ziangalieni. Vile vinyufa vyembamba kama unywele kwenye plasta visiwatishe, lakini ufa unaoanzia kona ya dirisha ukashuka kwa mshazari na sarafu inaingia, hiyo ni kazi ya msingi, ondokeni. Bafuni mwaga ndoo nzima ya maji sakafuni uone yanaelekea kwenye tundu au yanakuja mlangoni. Fungua bomba zote kwa pamoja, onja maji kama ni ya kisima maana huku kwetu mengi yana chumvi, funua karo la maji machafu uone kama limejengewa au ni shimo tu. Mita ya LUKU iwe ya nyumba hiyo, sio umeme umevutwa kwa jirani, na kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humo humo, kwa hiyo nunueni tokeni moja muone kama kuna deni. Mpeleke kijana mmoja juu ya dari na tochi aangalie mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, kama zimetiwa dawa. Mabati ulizeni geji, yaani namba ya unene, na jueni 28 ni nene kuliko 30, watu wengi wanadhani kinyume chake.

Sasa karatasi, na hapa ndo naomba mnisikilize kuliko kote. Karatasi yenye mhuri wa serikali ya mtaa inaonyesha mmeuziana tu, sio hati. Kama anasema ana hati, chukueni namba yake mkafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, mtaona jina la mwenye ardhi na kama ameiweka rehani benki. Wanaojenga na kuuza mara nyingi wananunua eneo moja wanaligawa wanasimamisha nyumba tatu, hati ni moja, kila mnunuzi anaonyeshwa kopi ile ile. Ulizeni hiki kipande chenu kimepimwa peke yake? Jibu likianza kuzunguka mmeshapata jibu. Mwenza wa muuzaji asaini pia, hata akisema nyumba ni ya biashara, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila mwenza kuridhia na kesi za namna hiyo ni ndefu sana. Na majina yenu yote mawili yawe kwenye mkataba, wewe na mumeo, hilo nakuomba kama mzazi.

Mkataba uandikwe na wakili mliyemtafuta wenyewe, hela ipite benki, na kiasi kibaki mpaka uhamisho ukamilike. 60 sio mwisho wa matumizi, kuna wakili, kuna ushuru wa stempu. Ile kodi ya ongezeko la mtaji ya TRA ni ya muuzaji, iandikwe kabisa hivyo, wanapenda kumsukumia mnunuzi.

SWALI: Mzee habari, nina kiwanja Ihumwa Dodoma nataka kusimamisha boma mpaka linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ila nafanya kazi Mwanza ntakuwa naenda mara moja moja. Fundi mmoja anataka milioni 4 na nusu ya ufundi, mwingine 3 na laki 2 ila anataka yote mwanzo. Nimchukue yupi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Njema kijana wangu. Wa pili achana nae, na sio sababu ya bei. Fundi anayetaka yote mwanzo mara nyingi ana kazi ya mtu imekwama mahali, hela yako inaenda kumalizia kule. Wa kwanza nae usimkubali bado, akupeleke nyumba mbili, moja anayoijenga sasa na moja iliyokaa miaka mitatu, uongee na mwenye nyumba yeye akiwa pembeni. Ungekuwa unampa mtu kazi nzima na vifaa, huyo ni mkandarasi, anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ile iliyowekwa kwa sheria ya 1997, una haki ya kudai cheti na kwenda kukihakiki. Fundi wa mtaani hayumo kule kwa hiyo andikishaneni: msingi ukiisha unalipa, kozi za matofali zikifika usawa wa dirisha unalipa, linta unalipa, na asilimia 10 inabaki mkononi kwako mpaka mvua moja ipite. Kibali cha ujenzi chukua Jiji kabla ya kuchimba. Nondo za linta usikubali zipunguzwe, Dodoma ardhi inatikisika.

Tafuta ndugu akae saiti, sio mlinzi wa fundi. Mwambie mifuko mitupu ya saruji asichome wala asigawe, aitunze yote. Ukifika hesabu mifuko, hesabu matofali. Mfuko wa kilo 50 mi nakubali matofali ya inchi 6 kuanzia 30 mpaka 35, ukikuta yametoka 50, nyanyua moja mpaka usawa wa kiuno uliachie mbele yake, alafu mwambie aokote vipande.