Tramu kwa mji wa theluji: usiulize nyuzi za baridi tu

Mkuu, umeuliza mji wenye theluji uchagueje tramu zake, yaani zile treni za mjini zinazopita barabarani, na wengi hapo juu wamekujibu kwa swali moja tu: inahimili nyuzi 40 chini ya sifuri au haihimili? Mimi naendesha tramu Helsinki, huu ni msimu wangu wa saba wa baridi. Naomba tuanzie kwingine.

Nyuzi 20 chini ya sifuri hazinisumbui. Baridi ile ni kavu, theluji inakuwa kama unga, upepo unaipeperusha. Siku mbaya ni zile za kupanda na kushuka kwenye sifuri. Theluji inageuka rojo, abiria wanaingia nayo kwenye viatu, inajaa kwenye kizingiti cha mlango, kisha inaganda. Mlango usipofunga sawasawa tramu haiondoki, na zote zilizo nyuma yako zinasimama, maana relini hakuna kupitana. Januari iliyopita nilipiga magoti nikikwangua donge la barafu dogo kuliko kiganja, huku kina mama wenye watoto wakitetemeka ndani. Kwa hiyo muulize muuzaji: kizingiti kinapashwa joto? Barafu ikiyeyuka, maji yanapita wapi kutoka nje?

Halafu mchanga. Tramu humwaga mchanga mbele ya gurudumu ili lishike reli. Ukilowa, unaganda kwenye bomba, na unaligundua hilo ukiwa unateremka mlima. Sanduku la mchanga lisilopashwa joto, achana nalo.

Magurudumu ndiyo yaliyoufunza mji huu kwa gharama. Nafasi kati ya reli mbili hapa ni milimita 1,000, kona ni kali, vilima vipo. Tramu zilizoanza kuja mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na fremu za magurudumu zisizogeuka kwenye kona. Zilisumbua miaka mingi hadi zikaondolewa. Safari iliyofuata mji ukataka fremu zinazogeuka, ndipo ikaja Artic, iliyoundwa Finland kwenyewe. Kwenye mlima wenye barafu tofauti naisikia mwilini.

Na hizo Artic hazikuletwa zote kwa mkupuo. Mwaka 2013 zilikuja mbili tu, zikabeba abiria wa kweli kwenye theluji ya kweli, kasoro zikarekebishwa, ndipo kundi kubwa likafuata. Mji wako ukiweza, uandike hivyo kwenye mkataba: mbili kwanza, zipite majira mazima ya baridi, na madereva na mafundi wa karakana waulizwe kabla ya malipo ya zilizobaki.