Soda na mwili wako: majibu kwa maswali yenu

Mimi ni bodaboda, Mbagala. Mchana napiga maandazi mawili na soda ya nusu lita, nguvu zinarudi. Kuna ubaya?

Ndugu yangu, nguvu zinarudi kweli, ila hazikai. Geuza chupa usome ubavuni. Soda nyingi za kola zina takriban gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100. Nusu lita ni gramu 53, yaani vijiko 13 vya chai. Leo jioni vichote umimine kwenye kikombe uvione kwa macho yako. Chai ya namna hiyo ungeirudisha kwa mama ntilie! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na chini ya 25 ni bora zaidi. Wewe umeshapita kwa chupa moja, na tumbo halijashiba. Sukari ya kunywa huingia kwenye damu upesi, kongosho inahangaika kutoa insulini ya kushusha sukari hiyo, ini linageuza ziada kuwa mafuta. Miaka ikipita hivyo, unene na kisukari cha aina ya pili havipo mbali. Beba maji, ongeza karanga na ndizi. Soda iwe ya harusini.

Mwanangu wa miaka miwili anaharisha, bibi yake anasema nimpe soda. Nimpe?

Usimpe, mama. Sukari nyingi huvuta maji kwenye utumbo na kuharisha kunaweza kuzidi, na chumvi anayoipoteza haimo humo. Mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuyeyusha kwenye maji) iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kijiko kwa kijiko, na uombe vidonge vya zinki kituoni. Akilegea, macho yakidumbukia au ukiona damu kwenye choo, usingoje kesho.

Nimejifungua, wifi ananiletea soda nyekundu niongeze damu.

Mshukuru wifi, kisha mwombe alete maini, dagaa, maharage na matembele. Wekundu wa soda ni rangi tu. Na vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa kliniki usiviache.

Nikinywa soda nipige mswaki papo hapo?

Subiri kama nusu saa. Asidi hulainisha meno, ukisugua mapema unayala. Sukutua kwa maji kwanza.

Nachoma insulini. Soda ni mwiko kabisa?

Kila siku, ndiyo. Lakini sukari ikishuka, ukaanza kutetemeka, jasho jembamba likakutoka na moyo ukaenda mbio, soda ni msaada: nusu glasi, kama mililita 150, ya ile yenye sukari. Isiyo na sukari haitakufaa hapo. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia, kisha ule chakula. Waonyeshe watu wa nyumbani chupa hiyo inapokaa, na uwaambie jambo moja: ukizimia wasikumiminie chochote mdomoni, wakukimbize hospitali.