Kaka, mtoto hakukosa malezi

Shikamoo kaka. Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya gari nje ya ghala, shifti ya usiku imeisha, nikashindwa hata kuwasha gari mpaka nilipotulia. Ulisema mambo mawili. La kwanza, mwanangu kusimamishwa shule siku 5 kumekutia aibu, na ukalimalizia na "asiyefunzwa na mamae hufunzwa na ulimwengu", mbele ya kundi zima la familia. La pili, kana kwamba la kwanza hukulisema, ukaniomba nimchukue kijana wako aje asome huku, maana shule za Marekani ni bure, basi la shule linamfuata mtoto mlangoni na kila mmoja anapewa kompyuta.

Basi la shule linakuja, ni kweli, na kompyuta wanapewa. Habari za baridi na za kubeba boksi siziongezi, mmeshazisikia. Nataka nikueleze zile siku 5, kwa sababu wewe ni mwalimu, na kwa sababu mimi nilianza na fikra zako hizo hizo.

Ilikuwa bwaloni, saa ya chakula cha mchana. Watoto wawili walisukumana kwenye foleni, mwanangu na mtoto wa Kizungu, wote wa miaka 12. Mwenzake alikalishwa kipindi kimoja kwa mshauri wa wanafunzi, akarudi darasani. Wangu alirudishwa nyumbani na karatasi iliyoandikwa "ukaidi na vitisho". Baadaye nilipouliza ukaidi wenyewe ulikuwa upi, nikaambiwa mwalimu alipokuwa akimsemesha, alitazama chini na hakutaka kumwangalia usoni.

Kaka, nani alimfundisha kutazama chini mkubwa anapomsemesha? Mimi. Na mimi alinifundisha mama, wewe ukiwepo. Adabu tuliyolelewa nayo Tanga imo kwenye faili la mtoto huku, imeandikwa kuwa ni kosa.

Lakini linaloninyima usingizi ni jingine. Jioni ile ile nilimfokea. Nikamnyang'anya simu, nikamkalisha mezani aandike barua ya kuomba radhi. Si unajua tulivyokua, ukichapwa shuleni ukaja kusema nyumbani unaongezwa. Akaandika mistari miwili, akaweka kalamu chini, akasema, "Mama, hata hujaniuliza."

Aliyenisaidia ni jirani, Mmarekani mweusi, mama mtu mzima, aliyenikuta ngazini nalia. Hapa niseme la aibu. Miaka 7 tumeishi mlango kwa mlango nikimsalimu na kupita, maana sisi Waafrika huku tuna tabia ya kujitenga nao na kuambiana kwamba watoto wetu si kama wao. Pale bwaloni tofauti hiyo haikumsaidia mwanangu kitu. Huyo mama ndiye aliyeniambia nisitie sahihi karatasi yoyote mpaka nieleweshwe.

Yeye alikuwa shule ya msingi Septemba 1979, wakati mabasi yalipoanza kuchanganya watoto weusi na weupe wa mji huu wa Columbus, Ohio, kwa amri ya mahakama. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeshasema tangu 1954 kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mji huu ulikaa miaka 25. Hilo basi la shule unalolisifu, kaka, yeye alilipanda akiwa mtoto, na hadi leo akilisimulia anashika mkono wa kiti.

Kisha akanipa kisa kingine. Mwaka 1971, hapa hapa Columbus, wanafunzi walisimamishwa wengi wakati shule zilipochafuka. Mmoja aliitwa Dwight Lopez. Fujo ilitokea bwaloni, yeye akasema alikuwa amesimama tu anatazama, lakini akasimamishwa pamoja na wenzake wasiopungua 75 siku hiyo hiyo, bila kuulizwa neno. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Januari 1975, majaji 5 kwa 4, ikaamuliwa kwamba mtoto wa shule ya umma hasimamishwi hivi hivi: aambiwe kosa lake, akikana aelezwe ushahidi uliopo, naye apewe nafasi ya kusema upande wake. Bwaloni, kaka, kama wangu. Haki hiyo ilipatikana katika mji huu huu ninaokaa, na mwanangu hakuipata kwa shule wala kwa mama yake.

Tukaenda shuleni pamoja, mimi na jirani, na sare yangu ya kazini. Neno "vitisho" likafutwa. "Ukaidi" likabaki. Siku 2 zilizobaki akasamehewa, 3 alizokaa nyumbani ndizo zimekwenda. Hakuna aliyemwambia mtoto pole.

Ukisema malezi, nieleze hili. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2013/14 zinaonyesha kwamba mwanafunzi mweusi alisimamishwa kwa kiwango cha mara 3.8 cha mweupe. Za 2011/12 zinagusa hata chekechea: watoto weusi walikuwa asilimia 18, lakini kati ya waliosimamishwa zaidi ya mara moja walikaribia nusu. Chekechea! Mtoto wa miaka minne amekufanyia nini hata umrudishe kwao?

Na hiyo "bure". Shule za huku zinategemea sana kodi ya majengo, kwa hiyo penye nyumba za thamani ndipo penye maabara. Mahakama ya juu ya jimbo hili la Ohio ilisema mwaka 1997 kwamba mfumo huo unavunja katiba ya jimbo, na bado kodi ya majengo ina uzito mkubwa. Nilihamia pembezoni mwa mji kwa ajili ya shule, na pango la huku ndilo linalomeza zile pesa mnazoniuliza kwa nini zimepungua. Ada ninalipa, kaka, ila namlipa mwenye nyumba. Na huku nilikokimbilia, mwanangu ni mmoja wa weusi watatu darasani.

Usimlete. Na kama umeshaamua, mlete, nitamlaza chumba kimoja na mwenzake na hatalala njaa. Mfundishe kumtazama mtu mzima usoni. Hapana, acha, usimfundishe, nataka amwamkie bibi yake kama tulivyomwamkia sisi. Nitamwonyesha mwenyewe akifika. Shule ikikupigia, uliza kabla ya kuomba radhi. Omba mkalimani, ni haki ya mzazi asiyekimudu Kiingereza. Usiwachukie walimu pia. Yupo wa sayansi anayebaki na mwanangu baada ya vipindi, wanafungua mashine mbovu na kuziunga, na kwa huyo mmoja naamka kila siku.

Ila kwenye ujumbe wako wa dakika 6 sikusikia mahali kijana wako mwenyewe anataka nini. Nitakuwa nimerudi kutoka kazini kesho saa tisa alasiri ya huko. Nipigie, na simu mpe yeye kwanza.