Jibu: Nakuru hadi Kisumu kupitia Nandi Hills kwa siku moja

Salamu, ndugu. Umeuliza kama unaweza kuona Hyrax Hill (eneo la mabaki ya kale karibu na Nakuru), makumbusho ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepinga Waingereza, kule Nandi Hills, na mwamba mkubwa wa Kit Mikayi kwa siku moja, ukitoka Nakuru kwenda Kisumu na watoto. Viwili vya kwanza vinawezekana. Kit Mikayi iko ng'ambo ya Kisumu, kwenye barabara ya Bondo, kwa hiyo iache hadi kesho yake.

Kabla ya yote kagua breki, kwa sababu mteremko wa kutoka Nandi Hills hadi Chemelil ni mkali, na mvua za alasiri huufanya utelezi. Shuka kwa gia nzito badala ya kukanyaga breki njia nzima.

Hyrax Hill, iliyochimbuliwa na Mary Leakey kuanzia 1937, usiipite haraka: waonyeshe watoto vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani, ambavyo watoto wangu walivijaza kokoto wakaanza kucheza papo hapo. Nandi Hills, mwombe mwelekezi awasimulie jinsi Koitalel alivyouawa na Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Uingereza, mwaka 1905, katika mkutano ulioitwa wa amani. Mimi ningefika huko kabla ya saa nane mchana, nile, kisha nishuke kungali na mwanga.