Baba anasema uandishi wa habari ni umbea

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni binti wa Tukuyu, nimemaliza form six mwezi wa tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nasubiri matokeo. Nataka niombe shahada ya uandishi wa habari ila baba hataki hata kusikia, anasema ule ni umbea wa kulipwa, bora niende chuo cha Mkwawa kule Iringa nikawe mwalimu, na kama nimesahau yaliyompata yule mwandishi wa Nyololo basi ye hajasahau. Afu kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anatangaza redioni na hajasoma popote, ananicheka kwamba chuo ni kupoteza muda, kinachotakiwa ni sauti. Nimsikilize nani?
Binti wa Tukuyu

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na kaka yako maana huyo ni rahisi. Sauti anayo, hatumnyang'anyi, ila kupokea salamu na kuweka miziki siyo kuandika habari. Kuna Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017, zinataka mwandishi awe na angalau diploma ya fani ndo apewe ithibati, yani kibali cha kufanya kazi hiyo, na kitambulisho. Ilitolewa miaka mitano watu wajiendeleze, ikaisha, ikaongezwa, wengi wakajua ni mvua itapita tu, sasa we wa Tukuyu unajua mvua ya kwenu ikianza inavyokuwa. Bodi ya Ithibati sa hizi ipo. Kwa hiyo kusoma utasoma tu, mwambie kaka naye ajiandae.

Sifa za kuingia degree ni principal mbili, yani masomo mawili ya form six uliyofaulu kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4, yani hata D mbili zinakufikisha japo usiombee hizo, ushindani upo. Karibu na nyumbani kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kile wazee bado wanakiita Tumaini, mbali zaidi kuna SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) Mwanza na shule ya uandishi ya UDSM, ambayo zamani ilikuwa chuo cha TSJ. Miaka mitatu. Ukikosa pointi au mkopo, anza diploma, degree itakuja mbele ya safari.

Sasa baba. Usibishane naye, kwa sababu nusu ya anachosema ni kweli. Daudi Mwangosi alikuwa mwenyekiti wa Iringa Press Club, aliuawa Nyololo, Mufindi, Septemba 2, 2012 akiwa kazini, na sisi tunaofanya kazi huku kila tukipita Nyololo na basi tunanyamaza kidogo. Sitakwambia haiwezekani tena. Na hela nayo, waandishi wengi wa mikoani hawana mshahara, wanalipwa kwa stori, na ikifika mwisho wa mwezi unasikia mhasibu kasafiri. Mi mwenyewe redio yangu ya kwanza nilikaa miezi minne bila senti, nauli natoa kwa dada. Hapo ndo bahasha za hela wanazogawiwa waandishi kwenye semina zinakuwa tamu na hapo ndo umbea wa baba unapoanzia, ukishakula bahasha ya mtu utaandika nini kuhusu mtu huyo?

Ila kuna kitu chuo hakikupi na hiki ndo nataka ukishike. Chuo kitakufundisha nani, nini, lini, wapi, sheria, maadili, kuhariri sauti, vizuri kabisa. Hakitakufundisha viazi. Nina maana hiyo hiyo, viazi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisoma bei ya gunia hewani nikaitaja kama ndo bei ya debe, wakulima wa Isyonje walipiga simu mpaka mtangazaji wa zamu akazima laini. Kilichoniuma siyo kukosea, ni kugundua kwamba sikujua hata lumbesa, kile kilemba cha kujaza gunia kupita mdomo wake, inaongeza madebe mangapi juu ya gunia na nani anafaidika, wakati lumbesa imekatazwa na ipo kila siku barabara ya Uyole. Kwetu habari ndo hizo, parachichi, chai, foleni ya malori Tunduma, mbolea imefika au haijafika. Kwa hiyo soma uandishi, lakini chagua na jambo moja ulijue kuliko wenzako wote darasani, we mtoto wa Rungwe chai umezaliwa unaiona.

Na usisubiri fildi, yale mafunzo ya vitendo ya chuo. Likizo ya kwanza tu nenda Chai FM hapo hapo kwenu, ni redio ya jamii, omba kushika hata rekoda. Siku stori yako ya kwanza ikirushwa mwekee baba redio, usimwambie ni wewe. Ndaga.

SWALI: Kamwene anko, nipo Iringa mwaka wa pili uandishi, nimepata mkopo, ninunue kamera gani?
Wa Kihesa

JIBU: Kamwene. Usinunue kamera. Simu yako inatosha kwa picha, nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, maana klipu zenu mnazonitumia picha safi, sauti upepo mtupu. Hela inayobaki lipa chumba.