Maswali ya Jikoni: Bata mzinga chumvi kali, ngozi laini, grevi mabonge

SWALI: Shikamoo anti. Mi niko Columbus, Ohio, na mwaka jana siku ya Thanksgiving nilijitosa kupika bata mzinga, sio mzima, nilinunua vipande vya supamaketi, mapaja mawili na kidari chenye mfupa, nikaviloweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha kama jirani alivonielekeza, afu nikavitia kwenye oveni. Vikatoka chumvi kali, ngozi imelegea haina hata rangi, na yale majimaji ya kwenye trei nilipotia unga yakawa mabonge matupu, chumvi ndo usiseme. Watu wakaishia kula wali na kachumbari. Mwaka huu wakwe wanakuja, nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani usimlaumu, maji ya chumvi ni kitu kizuri sana kwa bata mzinga maana kidari chake kinakauka haraka, na chumvi inailegeza ile nyama ikashika maji yake hata ikipita kwenye moto. Kinachonipa wasiwasi ni hao bata wenyewe. Wengi wanaouzwa supamaketi za huko wanadungwa maji yenye chumvi kiwandani kabla ya kufungwa, na imeandikwa kwenye lebo kwa herufi ndogo, utaona asilimia fulani na neno "solution" na chumvi kwenye orodha ya vilivyomo. Sasa kama vyako vilikuwa hivyo, chumvi imeingia kiwandani, ikaingia tena kwenye ndoo yako, halafu maji ya nyama yalipokaukia kwenye trei ikabaki chumvi ya kutosha kuharibu grevi nzima, yaani ule mchuzi mzito wa nyama. Kwa hiyo soma lebo kwanza, na ukikuta tayari ina chumvi usiloweke kabisa. Wale wa kosher, yaani walioandaliwa kwa taratibu za Kiyahudi, nao wameshapakwa chumvi, usiwaloweke.

Ukipata ambaye hajatiwa kitu, loweka bila wasiwasi, gramu 60 za chumvi kwa kila lita moja ya maji, na upime kwa mizani, kikombe kitakudanganya, kwa sababu zile chumvi nene za huko nyingine kikombe kizima uzito wake ni karibu nusu tu ya kikombe cha chumvi laini. Yeyusha chumvi kwenye maji kidogo ya moto, ongeza ya baridi, subiri yapoe kabisa ndo uweke nyama, kisha weka ndani ya friji na sio juu ya kaunta. Mapaja na kidari masaa 8 mpaka 12 yanatosha, mabawa nusu ya hapo. Na tafadhali usitumie sufuria ya alumini, chumvi inaila na nyama inashika ladha ya chuma, tumia ndoo safi ya plastiki ya chakula au bakuli la kioo. Kama nyama ni ya frizeri iyeyushie kwenye friji, hesabu siku nzima kwa kila kilo 2, usije ukakumbuka Jumatano usiku wakati sikukuu ni Alhamisi.

Ngozi sasa. Ngozi yenye maji haikauki wala haipati rangi, joto lote la oveni linaishia kukausha maji, kwa hiyo muda wote ule yako ilikuwa inachemka tu humo ndani. Ukitoa vipande kwenye maji ya chumvi usivisuuze kwenye sinki, najua kwetu nyama lazima ioshwe ila hapo unarusha maji ya nyama mbichi jiko zima, futa tu kwa tishu za jikoni mpaka tishu itoke kavu, panga juu ya waya wa kuokea na trei chini yake, rudisha kwenye friji BILA kufunika, ilale humo mpaka asubuhi. Asubuhi ukiigusa ngozi imekaza, inang'aa kidogo, kidole hakinati. Hiyo ndo itakupa mlio ukiitafuna.

Kabla ya kuchoma paka siagi isiyo na chumvi na pilipili manga, chumvi usiongeze hata punje. Chini ya waya tandaza vitunguu vilivyokatwa, karoti, na kikombe cha maji ili yanayodondoka yasiungue. Oveni iwe 425 kwa Farenhaiti (220 za Selsiasi) dakika 30, halafu shusha mpaka 350 (175 za Selsiasi). Nunua kipimajoto cha nyama, sio ghali, choma kwenye sehemu nene bila kugusa mfupa. Kidari kikifika 165 (74 za Selsiasi) kitoe hapohapo, mapaja yaache yafike 175 mpaka 180 za Farenhaiti (80 mpaka 82 za Selsiasi), kwa sababu yana kano nyingi na bila joto hilo yanakuwa ya kuvutana na meno. Uzuri wa vipande ndo huo, kila kimoja unakitoa kikiiva, ukichoma bata mzima kidari kinakauka kikisubiri mapaja. Kikitoka kipumzike dakika 20 ndo ukate.

Grevi anza nayo siku moja kabla. Chukua shingo au mabawa mawili, yachome mpaka yawe kahawia, kisha chemsha taratibu masaa matatu na kitunguu na karoti, bila chumvi, narudia bila chumvi, uchuje. Siku yenyewe mimina yale ya kwenye trei kwenye kikombe, mafuta yatapanda juu, chota vijiko vikubwa vinne vya mafuta weka kwenye sufuria, tia vijiko vinne vya unga wa ngano, koroga kwa moto mdogo mpaka harufu ya unga mbichi iishe na rangi igeuke kahawia nyepesi. Mabonge yako yalitokana na kutupa unga mkavu kwenye maji ya moto, nje unaiva palepale, ndani unabaki mkavu umejifungia. Ukianza na mafuta hayo hayatokei. Halafu mimina ile supu kama nusu lita, kidogokidogo huku unapiga kwa mchapo, iache ichemke dakika 10. Mwisho kabisa ndo unaongeza maji ya trei, kijiko kimoja unaonja, kijiko kingine unaonja, ukifika unapopenda acha, hata kama yamebaki mengi. Chumvi ikizidi ongeza supu, habari za kutumbukiza kiazi kinyonye chumvi achana nazo, kiazi kinanyonya maji na chumvi yake pamoja.

SWALI: Anti, huku Moshi bata mzinga tunanunua akiwa hai, na tuliyemnunua ni jogoo wa zaidi ya mwaka. Oveni yangu ndogo. Nimloweke?

JIBU: Udogo wa oveni usikutishe, mkate vipande. Kumloweka hakutakusaidia, chumvi inazuia nyama isikauke ila haiwezi kulainisha jogoo aliyekomaa. Mkishamchinja mweke kwenye friji siku nzima nyama ilegee, kisha mchemshe taratibu na tangawizi, vitunguu na chumvi kidogo mno mpaka uma uingie bila kulazimisha, toa, kausha ngozi vizuri, paka mafuta, oveni ya 220 za Selsiasi kama dakika 25. Na hiyo supu yake usiimwage jamani, grevi ya jogoo wa hivyo ya supamaketi haiioni ndani. Akiwa tembe mchanga hapo sawa, loweka kama nilivosema juu.

SWALI: Niko Leicester, Krismasi nina zamu ya asubuhi. Grevi inaweza kulala?

JIBU: Inalala vizuri tu, pika kwa siagi badala ya mafuta ya trei, itakaa kwenye friji siku mbili. Ikipoa itaganda ngumu, usiogope, pasha kwa moto mdogo na supu kidogo huku unakoroga, na maji ya trei uongeze siku yenyewe nyama ikishatoka.