Kitambi Barabarani: Maswali ya Wanaoanza Kukimbia Ukubwani

Nilipoandika kuhusu watu wazima wanaoanza mbio ndefu wakiwa na vitambi vyao, zilikuja jumbe nyingi, na karibu zote za kunong'ona. Hakuna anayetaka mkewe au bosi wake ajue kwamba amewaza kukimbia. Najibu chache, nami ni mtu ambaye zamani nilisimama katikati ya ngazi nikijifanya nasoma simu.

Nina miaka 41, naendesha lori, nina kilo 104. Nilijaribu kukimbia, kufika nguzo ya tatu ya umeme nikaona nakufa. Nianzie wapi? (Dereva, Morogoro)

Kaka, ulikimbia kasi mno. Sikukuona, lakini nina hakika. Mtu mzima akisema "leo nakimbia", mwili unakumbuka mbio pekee unazozijua: mita mia za shuleni, au zile za kuwahi daladala. Mbio ndefu ni kazi nyingine kabisa. Kipimo chake ni mdomo. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, punguza. Ukishapunguza mpaka unaona aibu kwamba wanaotembea watakupita, hapo ndipo pa kuanzia.

Tembea haraka dakika tano. Kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia hivyo kwa dakika ishirini hivi, kisha nenda nyumbani hata kama bado una nguvu. Mara tatu kwa wiki, kukiwa na siku ya kupumzika katikati. Usidhani kutembea ni kushindwa. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alijipatia jina kwa kuwafundisha watu wa kawaida kuchanganya mbio na kutembea, na siri yake ni kutembea kabla hujachoka.

Nasisitiza polepole kwa sababu moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, ila kano, mifupa na maungio huhitaji miezi. Wengi huumia katika pengo hilo. Wiki ya nne mtu anajiona simba, anaongeza kilomita, na wiki ya sita muundi wa mguu unamuuma mpaka hawezi kushuka kwenye gari. Kwa kilo 104 na kazi ya kukaa kutwa, kapime presha na sukari kabla ya lolote. Na siku kifua kikibana, au maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, simama na uende hospitali mara moja.

Nikipita vijana wa bodaboda wananiita "kibonge". Nimeacha. (Mama lishe, Mbagala)

Mama, hili ndilo swali lililokuja mara nyingi kuliko yote, na karibu kila mara kutoka kwa wanawake. Wengi hushauriwa watoke alfajiri na mapema kusiwe na wa kuwaona. Mimi sipendi ushauri huo. Giza la saa kumi na moja lina mbwa na lina watu wabaya, na ni afadhali kuchekwa.

Tafuta klabu ya jogging. Mbagala na Temeke hukosi: wikiendi asubuhi utawasikia kabla hujawaona, fulana za rangi moja, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Ukiwa katikati ya watu wale nani atakuita kibonge, na nusu yao ni vibonge wenzako? Tena zile nyimbo zina kazi ambayo pengine wenyewe hawaifikirii: anayeimba hawezi kukimbia kasi. Kile kipimo cha mdomo nilichompa dereva, wao wanacho bila kufundishwa na mtu.

Ndani ya dera vaa suruali ya kubana, na paka mafuta ya mgando mapajani na chini ya mstari wa sidiria. Michubuko imewarudisha wengi nyumbani kuliko uchovu.

Raba za mtumba zinafaa? (Fundi seremala, Ilala)

Zinafaa, ukizikagua. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na haibonyei, sponji yake imekufa hata kama juu inang'aa. Ziweke mezani uzitazame kwa nyuma: kisigino kilicholika upande mmoja kinakurithisha mwendo wa mtu mwingine. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, maana miguu huvimba ukikimbia.

Miezi miwili nakimbia, mzani haujasogea. (Mwalimu, Tanga)

Mwalimu, tupige hesabu. Kukimbia kilomita moja hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wako. Ukiwa na kilo 80 na ukakimbia kilomita tano, umetumia kama 400. Chapati mbili na soda vinazirudisha zote, na chenji inabaki. Anayetaka kupungua aanzie kwenye sahani. Ila presha na usingizi vinaweza kukaa vizuri hata mzani usiposogea. Jipime kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, huo mzani upumzishe.

Nina miaka 63. Nimechelewa? (Mstaafu, Mombasa)

Shikamoo mzee wangu. Fauja Singh, mkulima wa Punjab, India, aliyehamia Uingereza, alikimbia marathoni ya London mwaka 2000 akiwa na miaka 89 kwa mujibu wa pasipoti yake, na mwaka 2011 akamaliza ya Toronto akiwa na 100. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, hivyo Guinness, wanaotunza rekodi za dunia, walikataa kumwandika. Muone daktari kwanza, kisha anza na ule mpango wa dereva, ukitembea zaidi ya kukimbia. Na kimbia upande wa kulia wa barabara, uyaone magari yanayokuja. Singh alifariki Julai 2025 kwa kugongwa na gari.

Marafiki wameniandikisha nusu marathoni ya Moshi. Naogopa kuwa wa mwisho. (Karani, Dar es Salaam)

Ukiwa na miezi sita, nenda. Ukiwa na miwili na hujawahi kukimbia, omba namba ya kilomita 5, ipo na ina raha yake. Njia ya Moshi hupanda kuelekea Mweka, na Dar kwa sehemu kubwa ni tambarare, kwa hiyo wikiendi panda daladala uende kwenye vilima vya Pugu. Fanya mazoezi ya kushuka pia, kwani mteremko huumiza mapaja kuliko mpando.

Usijipime na Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania. Alipotwaa ubingwa wa dunia Tokyo, Septemba 2025, alitumia saa 2:09:48, yaani kama dakika tatu na sekunde tano kwa kila kilomita, kilomita zote 42. Wewe, kwa nusu yako ya kilomita 21, panga dakika tisa kwa kila kilomita. Utamaliza kwa saa tatu na dakika kumi hivi, na utakuta watu nyuma yako. Kunywa maji kiu ikija, usiyanywe kwa hofu. Yakizidi mno hupunguza chumvi mwilini hadi hatari.

Na masika je? (Hakujitambulisha)

Utalowa. Radi zikianza, baki ndani.